Alama kwa Mzinga wa Mutanu

Jumamosi, 5 Julai 2025

Mutanu amekuja. Amemaliza mtihani wa mwisho huko chuo cha Kitui. Mjukuu wangu, mtoto wa Kiilu — digrii ya biashara! Nimezunguka Kalamba yote leo nikiwasalimia watu ambao sina shida nao, ndiyo waniulize habari ya nyumbani.

Nilimwambia hicho kichwa kimetoka kwangu. Kalekye mke wangu akacheka mpaka akaweka sufuria chini. Anacheka nini? Mimi gumbaru, shule ya watu wazima, nilienda miaka miwili tu na sasa naandika kitabu.

Mutanu hataki kuajiriwa. Anataka kuuza asali. Wameungana na rafiki yake Ikran, msichana wa Kisomali wa Kabati. Mama ya Ikran, anaitwa Hani, ana duka kubwa huko. Mutanu atoe asali, Ikran aitie kwa chupa, duka liuze. Mizinga yake nilimtundikia mimi mwenyewe mwaka jana, kando ya mto. Sasa imejaa. Wiki hii tunarina.

Ameniuliza tena juu ya alama. Nikamjibu tena: alama ya ukoo huchomwa kwa mzinga wa mwanaume. Msichana ataolewa, ataenda nayo kwa watu. Na ni nani hapa hajui mkono wa Mulei? Mzinga niliotundika mimi unajulikana hata na nyuki.

Jumapili, 6 Julai 2025

Kanisani pasta aliwaita mbele vijana waliomaliza chuo. Akawaombea kazi nzuri, ya mshahara, ofisini. Watu wote amen! Mimi nilifunga mdomo. Kalekye akanipiga kiwiko. Nikazidi kuufunga.

Njiani nikamuuliza Mutanu kama wenzake wote wako hivyo. Akasema leksha, mwalimu wao wa chuo, aliwauliza darasani ni nani ataanzisha biashara yake, ainue mkono. Mikono ilikuwa ya kutafuta. Ikran aliinua wa kwanza — kwao mtoto hujifunza kuongea akiwa dukani. Kijana mmoja alimwambia Mutanu hivi: nyumbani waliuza ng'ombe nisome, nikirudi na ndoo ya asali watasema ng'ombe alikufa bure.

"Na wewe ni nani alikupa huo moyo?" Nikangoja aseme, ni wewe, Umau, babu yangu.

Akasema ni susu, nyanya yake. Eti akiwa mdogo alikuwa anaenda naye soko na ndengu, na hakuna siku alimwona akiomba mtu ruhusa ya kitu.

Kalekye! Nyumbani sikumaliza chai.

Jumanne, 8 Julai 2025

Mizinga ni mitupu. Yote! Vijana wa Nzomo walirina jana jioni, wakabeba mpaka masega.

Nilienda kwake na fimbo. Nzomo ndiye mwenyekiti wa ukoo wetu. Hata hakuamka kwa kiti. Akaniuliza, "Mulei, hiyo mizinga ilikuwa na alama ya nani?"

Nikashusha fimbo.

"Basi ni ya msitu. Wewe ukikuta mzinga hauna alama, ungepita?"

Singepita. Hakuna Mkamba angepita. Hiyo ndiyo sheria, na mwaka jana nilipita na nyundo na kamba nikitundika, nikijua. Nilidhani jina langu linatosha.

"Ilikuwa tamu," akasema. "Mpe mtoto asante." Mbwa!

Mutanu hakulia. Heri angelia. Alimpigia Ikran, halafu Hani akachukua simu, sauti yake nikaisikia mpaka nje. Hakuwa na hasira. Alisema tu rafu ya duka haikai bure, mwanangu, nitaiwekea sukari mpaka mwisho wa mwezi.

Jumatano, 9 Julai 2025

Kiilu amepiga kutoka Nairobi. Amemtafutia Mutanu kazi, kampuni ya mikopo. Anaanza Jumatatu tarehe 28.

Mutanu akajibu, "Sawa, baba."

Sawa! Nikamuuliza ni wewe ama ni mtu mwingine amesema hiyo sawa. Akaniambia, "Umau, leksha alitufundisha hatari zote. Mvua, soko, mkopo. Hakutufundisha ile ya watu wako kukataa kuweka alama kwa kitu chako."

Nikamwambia anyamaze. Akachukua ndoo, akaenda mtoni. Afadhali angenijibu.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Mbuzi wamenitazama siku nzima. Sina wa kuongea naye.

Nimeamua. Alama atapata. Nimesema mbele ya Kalekye ndiyo nisirudi nyuma. Akatoka nje akaangalia jua. Eti anaona leo limetokea upande gani.

Jumamosi, 19 Julai 2025

Baraza la ukoo, kwa Nzomo. Nilisimama nikaongea. Niliwaambia mizinga ya baba yangu ilivyokuwa, na yangu ilivyo, na ule mwaka wa kiangazi mimi pekee nilikuwa na asali mpaka chifu akaja kuomba. Nzomo akanikata.

"Mulei, wewe tunakujua. Tuambie ya msichana."

Wakacheka. Sawa. Nikawaambia: huyu mtoto amesoma, na badala ya kukimbilia Nairobi anataka kurudi kwa kazi ya wazee wake. Mkimnyima alama, asali yake itakuwa ya kila mwizi. Ataenda, na wengine watamwona akienda. Halafu mtakaa hapa mkilia vijana wameisha.

Mzee Nzau akauliza, akiolewa Kibwezi je? Alama yetu itaenda Kibwezi?

"Iende! Iuzwe barabara ya Mombasa! Mnaogopa kujulikana?"

Hapo hawakucheka. Nzomo akakohoa. Akasema alama haipewi mtu kwa mdomo wa babu yake. Kila mmoja wao alipanda juu ya mti kwanza, akarina, ndiyo chuma kikawekwa motoni. "Apande. Mti wako mrefu ule wa mto, arine mzinga wako ulio juu. Peke yake. Ukimshikia hata kamba, Mulei, yameisha."

Sasa ndiyo wakacheka kabisa. Hapa hakuna mwanamke amewahi kupanda mti wa mzinga.

Mutanu alikuwa anamimina chai huko nyuma. Hakuweka birika chini. Alisema tu, "Jumamosi ijayo, wazee."

Jumanne, 22 Julai 2025

Tunafanya mazoezi kwa mti mdogo. Amevaa suruali ya zamani ya baba yake. Mguu anaweka vizuri, mkono una haraka. Nimemkaripia mpaka sauti imekauka. Nilitaka kumwonyesha — goti likakataa. Nikasema nimeona siafu.

Ikran amefika kutoka Kabati na nguo nyeupe ya nyuki na neti ya uso, ameazima mahali. Nikamwambia sisi tulipanda kifua wazi.

"Kumbe mzee! Ndiyo uso ukakaa hivyo?"

Huyu msichana ni shida. Lakini chupa ameleta, na Hani amemtuma aseme sukari anaweza kuitoa kwa rafu siku hiyo hiyo akiona asali kwa macho.

Kiilu amepiga. "Baba, tafadhali usimharibie mtoto maisha. Nakuja kumchukua Jumamosi." Nikamwambia aje, nyumba ni yao. Mutanu nilimwambia simu ilikuwa ya baba yake, na siku anayokuja. Alifunga kamba fundo lingine.

Ijumaa, 25 Julai 2025

Chuma cha alama nimekipaka mafuta. Jana sikulala vizuri.

Hapana. Nililala vizuri.

Jumamosi, 26 Julai 2025

Naandika nikiwa hapa mtoni, kwa jiwe. Jua linashuka. Nimekatazwa kusaidia, mikono haina kazi, ndiyo nikabeba kitabu.

Wamekuja wengi. Nzomo na kiti chake. Nzau. Wanawake pia, na Kalekye mbele yao, haongei — Kalekye!

Mutanu amepanda. Pale mti unagawanyika aliteleza, mguu mmoja ukaning'inia. Niliamka. Nzomo akaniangalia. Nikakaa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama kukaa leo.

Akapata tawi. Amefika kwa mzinga. Moshi umeanza. Nyuki wamepata hasira, huku chini watu wanarudi nyuma. Mimi sirudi.

Nzau ameuliza kwa sauti kama atashuka ama ataanguka. Kalekye akamjibu azibe masikio yake, nyuki wanapenda shimo tupu.

Simu ya Mutanu imelia. Ikran ndiye alikuwa nayo, akanipa. Ni Kiilu. Yuko sokoni tayari, amekodi gari. Amesema Mutanu atoke na begi barabarani wasichelewe.

Nikamwambia Mutanu yuko kazini.

"Kazi gani, baba? Kazi ni Jumatatu!"

Simu iko hapa kwa goti, bado anaita, baba, baba. Moshi umezidi, simwoni mtoto. Nyuki tu. Nzomo ameamka kwa kiti, amevua kofia. Kamba imetikisika — kuna kitu kinashuka, polepole, kizito, kinadondosha asali —