Nilivyompiga mtani wangu Osaka

Jumapili

Mkono bado unauma, na sijui kama ni mfupa au ni aibu.

Kenji, mwenzetu wa chuo, alitupeleka mimi na mtani wangu Elia kuona ngome ya zamani ya Osaka. Ndani tuliangalia panga za vita. Tulipotoka uwanjani Elia akasema, "Ule upanga mweusi ndio uliomchinja mama yako. Sisi Wanyiramba tulishamchoka."

Mama alizikwa Mandewa, kwetu Singida, wiki tatu zilizopita. Mazishi niliyaona kwenye simu.

Nikampiga Elia ngumi ya mdomo. Akaanguka, nikamkalia kifuani, nikapiga tena na tena mpaka damu ikaruka kwenye shati lake. Watoto walipiga kelele. Kenji alinivuta huku akiwainamia wapita njia, akituombea radhi. Ningekuwa na ule upanga...

Mnyaturu kama mimi hampigi mtani wake Mnyiramba kwa utani wa msibani. Hata mtoto wa Singida anajua hilo. Mimi nimelikumbuka ngumi zimeshaisha.

Elia akatema damu. "Mjinga wewe. Nyumbani ningelala kaburini, nikatae mama asishushwe mpaka ucheke. Huku kaburi sina. Nina mdomo tu, na wewe umeupasua."

Ndipo nikalia, mara ya kwanza tangu mama azikwe. Akanishika shingo, damu yake ikinidondokea, akaninong'oneza, "Halafu mama yako alikuwa na ngumi nzito kuliko hizi zako."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.