Alama Tatu za Dimbwi la Kinu

Golini, Kwale
9 Februari 1958

Kwa ndugu yangu mpenzi Matano bin Chande, Ramisi

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Esha na binti yenu, mwanangu Mwanasha. Mimi si mzima, na sitafuata ile desturi yetu ya kuandika kwamba hatujambo huku tumelala kitandani. Miguu imevimba, kifua kinanibana, na daktari ameacha kuniambia nirudi lini. Lakini akili ninayo na kalamu naweza kuishika. Nimekataa kuandikiwa na mtu, kwa sababu haya yanapaswa kutoka mkononi mwangu.

Nimekuficha jambo kwa miaka saba. Ni la siku uliyozama Kinu. Hapa kijijini kila mtu anaisimulia siku ile, na kila mtu anasimulia uongo, kwa kuwa niliwapa mimi. Nakuomba usiichane barua hii kabla hujafika mwisho.

Sijui kama bado unaliona lile korongo ukifumba macho. Mimi naliona kila siku: njia ya kuteremka kwa kushika mizizi, baridi inayokupiga usoni ukifika chini ya kuta za mawe, na mto unaoshuka ngazi kwa ngazi ukijaza madimbwi yake matatu. Sinia juu, pana, maji ya magotini, walikooga watoto. Kisha Kitanda, pale penye mwamba wa kulalia. Na chini kabisa Kinu, la duara, kuta zake laini kama zilizosuguliwa kwa mchi, maji ya kijani yanayokaribia weusi. Watu walisema halina mwisho. Wewe ulikuwa ukipanda na mchanga wa chini kiganjani, ukampaka rafiki yako Boga kwenye paji la uso, ukimwambia asome mwenyewe kama mwisho upo au haupo.

Nimefundisha watoto miaka thelathini na moja na nimesoma vitabu vingi, lakini sijaona kitu kilichokamilika kama wewe ulipokuwa ukiruka kutoka mwamba wa Kinu. Wenzako waliruka miguu ikitapatapa. Wewe ulinyooka, ukaingia, na maji yakajifunga nyuma yako bila kelele. Halafu kimya. Nami juu ya mwamba, na kanzu yangu na kofia yangu, nikihesabu kimoyomoyo hadi kichwa chako kichomoze upande wa pili, ukicheka, ukiniuliza kaka umefika ngapi. Chome, rafiki yenu wa tatu, alikuwa akinitania kwamba mwalimu haingii majini kwa kuogopa wino usimtoke. Nilicheka pamoja nao. Mlidhani nakaa juu kwa heshima ya ualimu.

Siku ile ilikuwa Jumamosi, joto la kaskazi kama la sasa. Unaijua desturi: haingii mtu Kinu kabla hajapiga hodi na kumnyunyizia marashi na unga kidogo mzuka mwenye dimbwi. Marashi alikuwa nayo Boga, na Boga na Chome walikuwa wamebaki nyuma kule Kitanda wakirushiana maji kama watoto. Ukaniambia huwezi kuwangoja, kwamba mzuka wa Kinu anakujua kwa jina na kwa jina la baba. Ukaruka. Nikaanza kuhesabu. Nikafika sitini. Nikafika themanini.

Unayoyajua ya baada ya hapo ni haya: kwamba mwalimu aliruka na kanzu yake, akakunasua mguu chini ya gogo lililoletwa na mafuriko, na kwamba mzuka, kwa hasira ya kutopigiwa hodi, alikung'ang'ania hadi akakuachia alama tatu za kucha begani. Boga aliapa kwamba alikiona kibuyu cha mzuka kikielea katikati ya Kinu, na hapakuwa na aliyethubutu kukigusa. Mganga akasema umetiwa alama, na ukiingia tena maji yoyote yanayokwenda, mto au bahari, hutatoka. Nami nilikaa pale jamvini, mtu niliyesoma, nikasikiliza, nikanywa kahawa.

Esha alipokuja kunitazama mwezi uliopita alinieleza unavyoishi. Kwamba daraja la Ramisi unalivuka macho mbele, kama mtu anayepita makaburini. Kwamba ulimtoa Mwanasha baharini kule Msambweni kwa kumvuta mkono, maji yakiwa ya vifundoni, mtoto akilia na kuuliza amekosa nini. Aliniomba mimi, niliyekuokoa, nikuombe umwache mtoto acheze majini. Sikuweza kumtazama usoni.

Basi jua hivi. Aliyekutoa ni Kanze, mke wa Mangi, mfugaji wa upande wa Kinango. Mwaka ule wa ukame walikuwa wameshusha mbuzi wao karibu na mto. Alikuwa ukingo wa pili akijaza kibuyu nilipopiga kelele. Hakuniuliza neno. Alikiachia kibuyu, akaingia na hando lake la marinda kiunoni, na wallahi, Matano, nilikuwa nimekuona wewe nikadhani hapana zaidi. Yule mwanamke hakuruka. Alijikunja tu, na maji yakampokea kama mtu anayeingia chumbani kwake. Alichomoza mara moja, akavuta pumzi, akarudi chini. Alipotoka mara ya pili alikuwa amekukumbatia kwa mkono mmoja, akiogelea kwa mwingine, kichwa chako juu ya maji, chake chini. Mkono uliokushika ulikuwa na bangili za shaba kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko, na tatu kati ya hizo zilikuwa zimefunguka ncha. Hizo ndizo kucha za mzuka. Na kibuyu cha Boga kilikuwa kibuyu cha kuchotea maji.

Alikulaza kifudifudi akakukamua kama mtu anayekamua tui, hadi ukakohoa. Hapo ndipo alipojitazama alivyolowa. Akanisihi nisimtaje. Alisema Mangi akisikia kwamba amemkumbatia mwanamume majini, tena mgeni, atarudishwa kwa baba yake siku hiyo hiyo. Nikamwahidi. Akapanda mawe akaenda zake, na mimi nikaishi miaka saba nyuma ya ahadi hiyo, nikiiita amana.

Lakini Mangi alifariki mwaka jana, na juma lililopita Kanze alifika hapa mwenyewe. Aliniamkia kwa adabu, kisha akauliza kama Mwalimu wa Nchi Kavu bado anasifiwa kwa kuogelea. Nilimweleza habari zako. Kwanza alicheka hadi akaushika mlango: kibuyu chake, alichogombezwa na mama mkwe kwa kukipoteza, leo ni cha mzuka! Nilipofika kwenye habari ya Mwanasha akaacha kucheka. Alisema yeye aliniomba nimfiche, hakuniomba nikunyime wewe maji. Alitaka niseme, tena niseme kwa jina lake. Na ukiona shaka, uende Kinango ukazipime bangili zake begani mwako. Bado anazivaa.

Nenda, ndugu yangu. Kisha mpeleke Mwanasha Kinu. Piga hodi, nyunyiza marashi, sikukatazi. Ni adabu ya pale, nami naipenda. Lakini uruke. Mwache mtoto akae juu ya mwamba ahesabu, ili baada yangu awepo mwingine aliyekuona.

Nisalimie Esha, uniombee msamaha kwake. Wasalimie jamaa wa kiwandani. Mwanasha mpe salamu nyingi, umwambie hakukosa kitu.

Ningeweza kutia sahihi hapa, ukabaki ukiamini kwamba kosa langu lote lilikuwa kuitunza siri ya mke wa mtu. Ahadi niliyompa Kanze ilikuwa ya kunyamaza tu. Ningeweza kusema nilikukuta ukingoni ukikohoa, wala nisingemvunjia neno lake. Sikusema hivyo. Mimi, mtoto wa pwani, sijui kuogelea, na maisha yangu yote nimeona aibu kukiri. Kanze alipotuacha, nilikuwa mkavu kuanzia utosi hadi nyayo. Nikasikia sauti za Boga na Chome zikishuka mawe. Wewe ulikuwa umelala, macho hujafumbua. Nikavua kofia, nikainama, nikachota maji ya Kinu, nikajimwagia mara tatu, hadi kanzu ikanigandama mwilini.

Mimi ndugu yako,
Shutu bin Chande