Usishtuke, Ni Mimi Ninayekimbia

Yaya Furaha,

Ninaogopa. Nianzie hapo, maana wewe ni dada yangu mkubwa, sikuwahi kukuficha kitu. Presha iliyokuondoa wewe imenifikia na mimi. Daktari wa Mbarara amenipa dawa, akasema pia nitembee haraka kila asubuhi, na nikizoea nikimbie kidogo. Hayohayo waliyokuambia wewe. Siku ile nilirudi hapa kambini Nakivale nikilia garini, nikiwafikiria watoto wangu, na wako ninaowalea.

Unakumbuka ulivyoanza, jua limeshachomoza? Nilisimama mlangoni nikakucheka: "Yaya, unakimbia nani? Vita tuliiacha Kivu!" Majirani nao wakacheka. Siku ya tatu ukabaki nyumbani, ukasema, "Mimi sitaweza, mudogo wangu." Nilidhani ni miguu iliyokushinda. Nisamehe, Yaya. Ni mimi niliyekuvunja moyo.

Zamu yangu ilipofika nilitoka alfajiri, nisionekane. Lakini huku kwetu wakimbizi mtu hakimbii bure; akikimbia gizani, watu hudhani wauaji wamekuja. Jirani yangu Mama Neema aliponiona tu, akatoka na mtoto mgongoni na sufuria mkononi: "Kuko nini? Bako wapi?" Nyumba tatu zikaamka. Safari hii hakuna aliyecheka. Moyo wangu ulidunda kama siku tuliyovuka mpaka, nikaamini ninakufa palepale. Nikakaa chini, vumbini. Wiki nzima sikutoka tena. Nilisema, mimi sitaweza.

Maneno yako yaleyale, kinywani mwangu! Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikaenda kwa Mama Neema mchana, nikamweleza yote: presha, wewe, kicheko changu. Nikamwambia kesho nitafika bombani tu, akiniona asikimbie. Nikafika bombani. Siku ya nne nikalipita bomba, nikafika kanisani, nikaitazama miguu yangu kama ya mtu mwingine. Sasa Mama Neema hunipigia kelele akiwasha moto: "Kimbiya, mama! Hakuna kitu kinakuya!" Hofu haijaniacha. Moyo ukidunda, ninakufikiria wewe. Lakini siku hizi ninapunguza mwendo tu, sirudi nyumbani.

Lala salama, Yaya. Siku ya tatu nimeshaipita, na nakuahidi sitaacha. Kesho nataka nifike huko makaburini ulikolala. Ukisikia mtu anakimbia karibu yako, usishtuke, usianze kutafuta watoto. Ni mimi, mudogo wako, na hakuna anayenifukuza.