Kikohozi cha Mbwana

Magogoni, 1 Juni 2025

Mpendwa dada Selpher,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku wazima, ila mgongo wangu umechoka na magunia ya Changamwe. Wewe na yule bibi unayemtunza mnaendeleaje? Miguu yako imepungua kuvimba?

Jana ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na disko letu la Chini kwa Chini lilijaa mpaka ngazini. Miaka minne tangu uondoke, na watu bado wanateremka kwenye lile ghala chini ya duka la Musyoka kucheza muziki wako wa haus, ule wa taratibu wenye kuimba kama kwaya. Kiti chako nyuma ya mashine ya muziki hakikaliwi na mtu. Mimi nachezesha nimesimama, kama ulivyoagiza. Nimekutumia rekodi ya wimbo wako wa kufungulia, ule ule wa kila mwezi. Mbwana wa mlangoni anakusalimu.

Nimechoka dada, acha nikalale.

Mdogo wako,
Tinga

Dammam, 13 Juni 2025

Mdogo wangu Tinga,

Salamu zimefika. Pole na mgongo, jikande maji ya moto. Miguu yangu ni ile ile. Bibi halali, nami silali. Simu napewa Ijumaa tu, na nikiipata jambo la kwanza ni kusikiliza rekodi yako, nimefunga mlango wa jikoni.

Nina neno. Mkataba unaisha Oktoba. Wanataka nitie sahihi miaka miwili mingine, na jibu wanalitaka mwanzo wa Septemba. Kusema kweli sina nguvu ya miaka miwili. Lakini kurudi nikae tu nyumbani pia siwezi. Kama Chini kwa Chini ipo na kiti changu kipo, narudi. Niambie kweli, Tinga. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Dadako,
Selpher

Magogoni, 17 Agosti 2025

Dada,

Hujambo? Nisamehe kwa miezi miwili ya kimya. Afya ninayo, uso wa kukuandikia ndio sikuwa nao.

Hakuna Chini kwa Chini. Mara ya mwisho ilikuwa Februari. Watu walipungua, wakawa kumi na wanane, wakawa saba. Usiku ule wa watu saba nilikuwa nimetoka kupakua makontena, nikasinzia juu ya mashine. Wimbo ukaisha, kukawa kimya, wakaondoka bila kuniamsha. Musyoka akaweka saruji yake mle. Rekodi zote tangu Machi ni ile moja ya Februari. Wimbo ni ule ule kila mwezi, nikaona hutajua.

Mimi haus yenyewe siipendi sana, unanijua. Nilikuwa nakushikia tu. Niliogopa ukijua huna pa kurudia hutarudi, na mimi nimekukosa. Basi, tia sahihi ukitaka. Sitakulaumu.

Nduguyo mwongo,
Tinga

Dammam, 22 Agosti 2025

Tinga wa mama,

U mzima? Mimi nimeamka na homa, lakini nimepika.

Nilijua tangu Aprili. Mbwana anakohoa mara moja, dakika ya nne, pale mwimbaji anaponyamaza. Rekodi ya Februari anakohoa, ya Machi pia. Ya Aprili anakohoa pale pale. Hata mgonjwa wa kifua hakohoi kwa kufuata saa! Nilicheka, kisha nikalia mpaka bibi akaniita. Nilikasirika pia. Miezi yote hiyo, Tinga! Lakini kila Ijumaa niliisikiliza, maana ndani yake mmo nyote.

Lile swali la Juni lilikuwa la kukupa nafasi useme mwenyewe. Umesema, ahsante. Karatasi iko mezani na kalamu iko juu yake. Usiniulize nitafanya nini, hata mimi sijui.

Dadako,
Selpher

Magogoni, 31 Agosti 2025

Dada Selpher,

Natumai homa imeshuka. Huku wazima, ila mikono imechubuka.

Jana nilimwomba Musyoka ruhusa, tukahamisha mifuko arobaini ya saruji, mimi na Mbwana, tukapata nafasi ya kama vitanda viwili. Spika moja imekufa, ya pili inakoroma. Tulianza saa kumi jioni, maana siku hizi sote ikifika saa tatu tumelala. Tulikuwa watano. Margret wa vitumbua alikuja na aproni yake. Mwanzo hakuna aliyecheza, tulikaa tu tukiusikiliza wimbo wako kama watu waliotoka shamba. Kisha Margret akainuka. Mimi sikusinzia.

Rekodi nimekutumia. Sikiliza dakika ya nne, Mbwana hakohoi. Anakohoa ya sita, mara mbili, kwa vumbi la saruji. Ndivyo utakavyojua.

Kuhusu kiti chako, safari hii sikudanganyi: kilikaliwa. Nilimpa Margret, naye miguu imevimba. Anasema ukija atakupisha.

Mdogo wako,
Tinga