Bastola Mbili Juu ya Meza Yetu

Mpendwa Baba Tumaini,

Wanasema barua ni nusu ya kuonana. Kwa mtu aliyelala chini ya udongo sijui ni robo au ni nini, lakini nitaandika hivyo hivyo, maana nikizungumza nawe kwa sauti wanao wananitazama vibaya.

Jana alinijia mjukuu wako, huyu mwenye duka la vipuri kule mtaa wa Ramadhani. Wezi wamemsumbua, sasa anataka kuomba kibali cha bastola. "Bibi," akasema, "nasikia babu aliwahi kuwa nayo. Ipi ni nzuri kwa mtu wa kujilinda tu, ndogo, ya kutia mfukoni?" Nilicheka hadi nikakohoa. Watu huja kuniuliza dawa ya tumbo la mtoto na namna ya kuhifadhi mbegu za maharage. La bastola hakuna aliyewahi kuniuliza, na kumbe majibu ninayo! Nikamwambia arudi Jumapili, kwanza niongee na mwenyewe.

Unakumbuka ilivyoanza. Ni wakati wa Mwingereza, tunakaa Mahongole, nawe unaendesha lori la yule Mhindi wa Makambako, tajiri yako. Ulikuwa unakwenda Matembwe kupakia mbao. Matembwe ndiko ulikonitoa, kwa hiyo kila safari ulipita kumwamkia baba yangu. Siku moja ukakuta gogo limelazwa barabarani, ukashuka kuliondoa, wakakutokea watu na kukupiga rungu la bega. Walichukua hata blanketi. Ulifika nyumbani umening'iniza mkono, mimi nikaapa kwamba hutaikanyaga tena barabara hiyo ya Lupembe mikono mitupu. Tahadhari kabla ya hatari, nilikuambia, na nilisema kwa ukali kwa sababu niliogopa. Tumaini alikuwa hajaota hata meno, na mimi sikutaka kuwa mjane.

Tajiri yako naye aliogopa, pengine aliliogopea lori. Akamwendea Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kule Njombe, akaahidiwa kwamba utaandikiwa kibali. Tajiri alikuwa na bastola mbili ndogo, zote za gurudumu la risasi linalozunguka, akakuachia uje nazo nyumbani uchague moja. Ukaziweka mezani Jumapili baada ya ibada, juu ya kitambaa changu cheupe.

"Usiguse," ulisema.

Nikagusa. Ilikuwa ya baridi, na nzito kuliko umbo lake.

Ya kwanza ilikuwa na nyundo kwa nyuma, kile kidude kilichojikunja kama kidole. Ukikivuta kwa dole gumba kikakaa, kufyatua ni kugusa tu. Ilibeba risasi sita. Ya pili ilibeba tano, nayo nyundo yake ilifichwa ndani, mgongo ukawa laini kama jiwe la mtoni. Hiyo hukuweza kuitega. Kila risasi ilitaka uvute kwa kidole, mvuto mrefu na mgumu, huku lile gurudumu la risasi likizunguka taratibu. Ulitoa risasi zote, ukachungulia tena kila tundu, ndipo ukanipa nijaribu. Ile ya kwanza ilinitii mara moja. Ile ya pili niliivuta kwa vidole viwili na bado ikanishinda, nawe ukanicheka.

"Chukua hii nyepesi," nikasema. "Mwizi atakungoja umalize kuvuta?"

"Lete koti kwanza," ukajibu.

Lile koti la jeshi ulilorudi nalo kutoka vita vya Bama, ambalo kwa baridi yetu hii ulilivua wakati wa kulala tu. Ukatia mfukoni ile ya nyundo, ukaichomoa kwa haraka. Nyundo ikanasa kwenye bitana iliyochanika. Ukarudia, ikanasa tena, safari hii ikatoka na kipande cha kitambaa. Ile ya mgongo laini ilitoka bila shida yoyote. Nilisema nitaishona bitana, nawe ukasema uzi wangu utakatika siku hiyo hiyo utakapoihitaji. Nilinuna. Ushonaji wangu ulikuwa unasifiwa hadi Njombe, wewe tu ndiye hukuusifu.

Kisha tukaenda nyuma ya nyumba, kwenye miti ya miwati, tukaweka debe bovu ulilenge. Kwa mbali zote mbili zilikosa, maana mtutu wenyewe ni mfupi kama dole gumba na kila mlio unakurusha mkono juu. Ukasogea, ukasogea tena, hadi debe likapatikana.

"Ukishafika karibu hivyo," nikakuambia, "si umsalimie tu?"

Tulicheka wote wawili. Kuku wangu hawakucheka, walisusa kutaga. Nawe ukachagua ile nzito, ya mgongo laini, nami nikabaki kunung'unika kwamba umechagua bastola ya kumpa mwizi nafasi ya kukimbia.

Balaa likaja kwa njia ambayo hatukuiwazia. Ukiinama, mfuko ule wenye bastola ulining'inia na kukugonga goti, ukazoea kuushika kwa mkono wa kushoto. Sasa kwetu mkwe anamsalimia baba mkwe ameinama, mkono wa kushoto umeushika wa kulia. Mkono mmoja peke yake ni wa kumtupia mbwa mfupa. Safari ya kwanza tu na bastola, baba yangu alipewa mkono mmoja. Safari ya pili vile vile. Uliona haya kumwambia mzee kwamba unaingia uani kwake na chuma cha kuulia watu, naye kwa heshima hakukuuliza. Mama ndiye aliyeniletea maneno. "Mumeo ametuchoka?" aliniuliza. "Anamwamkia baba yako kama mtoza kodi." Nikakusihi ukamweleze, ukaahidi safari ijayo.

Baba naye, bila sisi kujua, alikuwa amechoka kununa. Asubuhi ya safari hiyo alitoka kwenda kukungojea barabarani, akuulize mwenyewe, mbali na masikio ya wanawake. Kulikuwa na ukungu ule wa Lupembe usiokuonyesha hata pua ya lori. Wakata mbao walikuwa wameangusha mti vibaya ukalala njiani. Wewe uliona gogo. Ukashuka peke yako, mkono mfukoni, na mtu akatokea upande wa pili wa gogo, amejifunika blanketi, ameshika kitu kirefu. Ilikuwa fimbo yake ya kutembelea.

Ulinisimulia jioni ile jikoni, hata koti hujavua. Bastola ilitoka vizuri, haikunasa popote. Ukamwelekezea, ukaanza kuvuta. Ulikuwa katikati ya kuvuta, yule mtu akasema, "Kamwene." Salamu yetu ya kila siku, kwa sauti ya baba yangu. Ulisema mkono wako ulishuka wenyewe. Ukaiangusha bastola kwenye majani, ukainama, ukampa mikono yote miwili huku unalia. Ukungu ulikuwa mzito mno, hakuwa ameona kitu. Mzee akadhani unalia kwa kuomba radhi. Alikusamehe pale pale, akakupa na kuku wa kuniletea.

Kesho yake ulimrudishia tajiri bastola yake, nami sikukuuliza kwa nini. Barabara ile uliiendesha miaka mingi baadaye mikono mitupu, na kila safari mimi sikupata usingizi mpaka nisikie lori. Baba aliishi, akala pilau ya kipaimara cha Tumaini, akafa mzee na hakujua lolote.

Kwa hiyo mjukuu wako akija nitamwambia yote, kwa haki kabisa: yenye nyundo hunasa kwenye koti, isiyo nayo ni ngumu kuvuta, na mtutu mfupi hukosa. Najua pia ile nyepesi niliyoitaka mimi ingefanya nini katika ukungu ule. Hilo sihitaji kuuliza. Lakini lipo moja nililolimeza miaka yote tuliyolala kitanda kimoja, kwa sababu niliuona uso wako jioni ile nikakuonea huruma. Nakupenda bado, nimekuzoea hata usipokuwepo, na siku zangu zimebaki chache, ndiyo maana nauliza.

Baba aliposema kamwene, kidole chako kilikuwa kimebakiza kiasi gani?

Pumzika, mume wangu. Ukinijibu nitakapofika, nijibu polepole.

Mkeo,
Mama Tumaini