Muziki Siku ya Mazoezi ya Kwaya

Jumamosi

Kosa ni langu. Nimepanga muziki saa kumi kwenye ukumbi wa picha za kuchora wa dada Naomi, nikasahau ndiyo saa ya mazoezi ya kwaya, na waimbaji wangu wote ni wanakwaya. Na dada alishasema leo viti vikibaki vitupu tena, muziki basi.

Nikapanda kanisani kwa mwalimu wa kwaya. "Shikamoo mwalimu. Leo mfanyie mazoezi kwetu."

"Marahaba. Kwenye zile picha za ng'ombe wa bluu?"

"Wametulia kuliko wanakwaya wako."

Akacheka. "Tunakuja, ila besi utaimba wewe."

Watu wamejaa mpaka mlangoni. Nimeimba kwa sauti hii ya kuuzia matunda ya plamsi stendi, na hakuna aliyeondoka.