Filimbi ya Kutoa Do

Alhamisi, 5 Juni

Nimerudi mazoezini, hata viatu sijavua. Fundi Saa katangaza! (Hutengeneza saa pale kona, na kwaya yetu anaiongoza kwa sekunde hizohizo.) Onyesho la tarehe 28, nusu ya pili yote ni miziki ya tamthilia za upelelezi za kwenye runinga. Hakuna kinanda, midomo mitupu. Watu wakacheka. Mimi nusura nilie. Wa kufungia ni ule wa tamthilia yetu ya Jumanne—sauti moja ya mwanamke, haina maneno, inapanda polepole, mlango unagongwa mara tatu, ndipo wengine wanaingia. Naupenda kuliko watu wengi ninaowajua.

Nani ataimba ile sauti ya mwanzo? Dada, nani tena. Fundi Saa hata hakututazama sisi wengine. Miaka kumi na tisa Dada ndiye wa kuimba peke yake, mimi ndiye mshika filimbi. Natoa do, ile sauti ya kuanzia wimbo, narudi mstarini.

Ijumaa, 6 Juni

Kazini, kwa daktari wa meno. Nimeng'arisha meno ya bandia ya watu wanne huku nikiimba ule wimbo, mashine ikinguruma nisisikike. Naweza! Noti ya juu nimeifikia mara tatu. Mimi ni sauti ya pili, lakini nikianzia F, kama karatasi inavyosema, koo langu linakaa sawasawa. Mama alikuwa akisema mwimbaji mmoja anatosha nyumba nzima, mimi niondoe vyombo mezani. Nina miaka hamsini na minne. Bado naondoa vyombo.

Jumanne, 10 Juni

Tumeangalia sebuleni kwa Dada—nyumba ni yake, mimi nina chumba cha nyuma. Muziki ukaanza, naye akaimba juu yake! Kila Jumanne ananiharibia. Kabla ya tangazo la kwanza akamtaja muuaji: mpwa wa marehemu. Na kweli alikuwa mpwa. Mimi sijapatia hata siku moja. Nikamuuliza huwa anajuaje. Akasema hamtafuti mwenye hasira, anamtafuta aliyezidisha kusaidia. Akaninyooshea sahani yake nipeleke jikoni.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefanya. Naandika hapa maana hakuna wa kumwambia.

Filimbi yangu ni ya duara, matundu kumi na matatu, kila tundu na herufi yake. Karatasi ya wimbo imeandikwa juu: do ni F. Lakini sisi tunasoma do-re-mi tu. Popote nitakapoiweka do, watu arobaini wanaanzia hapo, na hakuna anayejua. Fundi Saa anasikia sekunde, kama sauti imepanda au imeshuka hasikii. Basi ulipofika wimbo wa Jumanne nikasogeza filimbi tundu moja juu. Nusu sauti tu.

Dada akaifikia ile ya juu kwa ncha za vidole vya miguu. Mishipa ya shingo ikamtoka. Wengine hawakuona, lakini mimi midomo ya watu ndiyo kazi yangu. Niliuona ulimi ukirudi nyuma. Sikujisikia vibaya. Nilisikia njaa, nikala sana.

Alhamisi, 19 Juni

Matundu mawili. Ikakatika! Pale juu kabisa—kwanza hewa tupu, halafu kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Fundi Saa akashusha mkono, akasema turudie. Nikatoa do ileile. Ikakatika tena. Wenzake wa sauti ya kwanza wote wakawa na cha kusoma kwenye makaratasi yao. Dada akasema ni vumbi la ukumbi. Ukumbi ulikuwa umepigwa deki mchana.

Njiani nilimbebea mkoba.

Jumapili, 22 Juni

Jana kaenda kwa daktari. Kamulikwa koo, hakuna kitu. Daktari kasema labda ni umri. Umri! Kamwambia mtu aliyepaka rangi nywele juzi.

Sasa haongei, analinda koo. Anaandika vikaratasi. Namchemshia maji, natia asali na ndimu, nampelekea kitandani asubuhi na jioni, hata hajaomba. Nyumba imetulia ajabu. Leo kaandika: Asante, unanitunza sana. Nimekibandika kikaratasi hapa pembeni. Mwandiko wake nao umeanza kutetemeka. Au ni kalamu.

Jumanne, 24 Juni

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka nimeusikia muziki wangu mzima, bila mtu juu yake. Kumbe chini ya ile sauti ya mwanamke kuna fidla moja inashuka wakati yeye anapanda! Sikuwahi kuisikia. Na pale mlango unapogongwa, mara ya tatu inachelewa kidogo. Nililia kwa raha, waziwazi.

Nilipogeuka, Dada alikuwa ananitazama mimi, si runinga. Nikamuuliza leo muuaji nani. Akaandika, akakunja, akaweka kikaratasi chini ya kikombe cha asali. Baada ya saa moja na ushee ya kipindi na matangazo nikakifungua. Muuguzi. Na ni kweli, alikuwa muuguzi, yule aliyekuwa akimletea mgonjwa kinywaji kabla hajaitwa. Kapatia tena, kama kawaida yake. Inaudhi.

Alhamisi, 26 Juni

Ni wangu! Ni wangu!

Dada kasimama kabla hatujaanza. Maneno yake ya kwanza tangu Jumamosi. Kasema hataki kuiaibisha kwaya, apewe mdogo wake, anaupenda wimbo huo kuliko mtu yeyote. Sauti ilimtetemeka. Fundi Saa akaniuliza kama nitaweza, kwa uso wa mtu anayeuliza kama mvua itanyesha. Nikatoa do mwenyewe—F, safi—nikaimba. Ile ya juu ikafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Wakapiga makofi. Mimi! Miaka kumi na tisa.

Mzee mmoja wa besi akalalamika kuwa leo wimbo umeshuka, noti za chini zinamgota tumboni. Nikamwambia hiyo ni njaa. Watu wakacheka. Dada hakucheka. Aliomba aione karatasi ya mzee, akaisoma juu kabisa, akamrudishia.

Jumamosi, 28 Juni

Mapumziko. Naandika kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ukumbi umejaa hadi ngazini. Nusu ya kwanza imepita salama.

Sasa hivi Fundi Saa kaja na jipya. Anayeimba peke yake asiwe na kitu mkononi, haipendezi jukwaani. Nikasema nitatoa do kisha niifiche filimbi mfukoni. Gauni la kwaya halina mfuko. Akauliza nani ataishika. Dada akanyoosha mkono.

Kasema na yeye apate angalau kazi ndogo. Wanawake wawili wakafuta machozi. Ningesema nini? Nikampa. Nikamnong'oneza: do ni F. Akanirekebisha kola, akaniambia taratibu, sauti safi haina mkwaruzo hata chembe:

"Usijali, mdogo wangu. Nitakupa ileile uliyokuwa ukinipa mimi."

Halafu kanipa kikombe. Asali na ndimu, bado moto. Sikuomba.

Nimefikiria kwenda kwa Fundi Saa. Nimwambie nini? Kwamba atanipandishia do? Atauliza nimejuaje kama linawezekana. Nimefikiria kusema naumwa. Lakini wimbo ni wangu, na nje wameshatangaza jina langu, nimelisikia kwa kipaza sauti.

Yuko mlangoni sasa, amenipa mgongo, filimbi kiganjani. Namwona kwenye kioo. Anahesabu matundu kwa kidole gumba, bila haraka, kama mtu anayechagua embe. Kimesimama kwenye F. Kimepita moja. Mbili. Wanatupanga mstari. Tatu—